Sura ya 5: Mkondo na Njia Yake ya Kurudi

Katika mchoro wa saketi ya transmita ndogo, alama ya graundi huonekana mara kumi au zaidi: chini ya kapasita, kwenye mguu wa transista, pembeni mwa soketi ya antena. Mchoraji huiweka popote inapomfaa, na msomaji hukubali kwamba sehemu zote zenye alama hiyo ni nukta moja yenye volti sifuri. Kwenye karatasi hakuna wa kubisha. Kwenye bodi jambo hilo halipo, kwa sababu kati ya graundi ya kapasita na graundi ya soketi kuna shaba yenye urefu, na shaba yenye urefu ina induktansi. Sura hii inatetea hoja moja: anayebuni bodi ya transmita ya nguvu ndogo anatakiwa kuanza na njia ambayo mkondo utapita ukirudi kwenye chanzo chake. Mengine yote, yaani mahali pa kuweka vifaa, upana wa njia za shaba, idadi ya tabaka, hata ukubwa wa bodi, yafuate uamuzi huo. Wengi hufanya kinyume. Hupanga vifaa, huchora njia za kwenda, kisha graundi hujazwa mwishoni katika nafasi iliyobaki.

Ili hoja isielee hewani, tuchukue transmita moja ya aina inayopendwa na wapenzi wa redio ya ridhaa: ya alama za Morse, bendi ya mita 40, nguvu isiyozidi wati 5. Bendi hiyo, kwa Kanda ya 1 ya ITU inayojumuisha Afrika na Ulaya, inaanzia megahezi 7.0 hadi 7.2. Chipu ya Si5351A huzalisha masafa, chipu ya mantiki hunoa kingo za wimbi, transista tatu za BS170 zilizounganishwa sambamba hulikuza, na chujio la vifaa saba, koili tatu na kapasita nne, hulisafisha kabla halijafika kwenye antena. Mpango wa BS170 tatu ulipata umaarufu kupitia kiti ya QCX ambayo Hans Summers wa QRP Labs aliitoa mwaka 2017. BS170 ni transista ya plastiki, ndogo, ya bei rahisi, iliyotengenezwa kwa kazi ya kuwasha na kuzima wala si kwa redio. Inaweza kazi hii kwa sababu inaendeshwa katika Daraja E, utaratibu ulioelezwa na Nathan Sokal na Alan Sokal mwaka 1975, ambapo transista hufanya kazi ya swichi na hufungwa wakati volti juu yake imekaribia sifuri. Joto linalopotea ni kidogo, na ndiyo maana vijiplastiki vitatu vinaweza kutoa wati kadhaa bila kipoza joto kikubwa. Lakini swichi inayofunga na kufungua mara milioni saba kwa sekunde hutoa pia hamoniki kwa wingi: megahezi 14, 21, 28 na kuendelea juu. Bodi hii, kwa hiyo, ina kazi mbili kwa pamoja. Inatakiwa kuupeleka mkondo wa megahezi 7 nje, na kuhakikisha kwamba mikondo mingine yote inabaki ndani.

Tuanze na vipimo. Njia nyembamba ya shaba isiyo na graundi karibu yake ina induktansi ya takribani nanohenri 1 kwa kila milimita. Sentimita moja, basi, ni nanohenri 10. Fundi akiipima sentimita hiyo kwa mita ya kawaida, mita italia, kwa kuwa ukinzani wa njia yenye upana wa nusu milimita na unene wa mikromita 35, ambao ndio unene wa kawaida wa shaba ya bodi, ni kama sehemu moja ya mia ya omu. Kwa betri, hiyo ni nukta moja. Kwa megahezi 7 sentimita ileile ina omu 0.44. Kwa megahezi 21 ina omu 1.3, na kwa megahezi 70 ina omu 4.4. Mita haidanganyi, ila inajibu swali la mkondo usiobadilika, na transmita haina mkondo wa aina hiyo isipokuwa kwenye waya wa betri. Hata unene wa shaba haumsaidii sana mbunifu hapa: kwa megahezi 7 mkondo hujikusanya katika ngozi ya juu ya shaba yenye kina cha mikromita 25 hivi, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ngozi hiyo inavyozidi kuwa nyembamba. Kuongeza unene hakupunguzi induktansi. Kinachoipunguza ni kuusogeza mkondo unaorudi karibu na mkondo unaokwenda.

Na mkondo wenyewe hutaka kusogea. Ukiwa na bodi ya tabaka mbili, juu njia ya shaba, chini graundi nzima isiyokatwa, mkondo wa masafa ya juu haurudi kwa njia fupi ya moja kwa moja kama ule wa betri. Hurudi chini kwa chini, ukifuata umbo la njia iliyo juu yake, kona kwa kona, kwa sababu hapo ndipo eneo kati ya kwenda na kurudi ni dogo kuliko pote na induktansi ni ya chini kuliko pote. Karibu asilimia 80 ya mkondo huo hujibana katika upana wa mara tatu ya unene wa bodi kila upande wa njia. Kwa bodi ya kawaida ya milimita 1.6, hiyo ni kama milimita 5 kushoto na milimita 5 kulia. Jambo hili halihitaji chipu wala hesabu ya mtu yeyote ili litokee. Shaba ikiwepo chini, mkondo utajipanga. Shaba ikikosekana, mkondo utatafuta pengine, na popote utakapopita utaacha volti zake.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa watu wenye elimu ya kutosha. Husema: urefu wa wimbi la megahezi 7 ni karibu mita 43, na hata ndani ya bodi, ambako wimbi husafiri kwa kama nusu ya mwendo wake wa hewani, bado ni zaidi ya mita 20, njia ya sentimita 5 ni kitu gani mbele ya wimbi kama hilo? Wako sahihi katika jambo moja, na inafaa kuwakubalia waziwazi. Maelekezo mengi ya kubuni bodi za redio humwambia mwanafunzi achore njia ya milimita 3 ili apate impidansi ya omu 50 kwenye bodi ya milimita 1.6. Kwa transmita yetu, agizo hilo ni la bure. Kwa umbali mfupi namna hiyo, upana wa njia haubadilishi lolote la maana katika mawimbi yanayokwenda na kurudi. Lakini induktansi haijali urefu wa wimbi. Ile omu 1.3 ya sentimita moja kwa megahezi 21 ipo, wimbi liwe refu au fupi. Tena masafa yanayotuhusu hayakomi kwenye 7. Chipu ya mantiki ya kizazi cha karibuni hubadili hali kwa nanosekunde chache, na kingo kali namna hiyo zina nguvu hadi kupita megahezi 100. Bodi inafanya kazi kwa masafa ya kingo zake, hata kama mwenye nayo anafikiria bendi yake tu.

Sasa tulitazame chujio kwa karibu, maana hapo ndipo hoja yote inapothibitika au kuanguka. Chujio la mita 40 linalotumika sana kwenye transmita za aina hii lina kapasita za pikofaradi 270 kwenye ncha zake mbili, 680 na 680 katikati, na koili tatu zilizosokotwa kwenye pete za njano za T37-6, mizunguko 21, 24 na 21. Kwa nadharia, chujio la vifaa saba likishauacha ukingo wake hupunguza desibeli 42 kila masafa yanapoongezeka maradufu. Kanuni za Marekani zinadai kwamba transmita ya ridhaa iliyo chini ya megahezi 30 ishushe kila utoaji usiotakiwa kwa angalau desibeli 43 chini ya nguvu ya wimbi lenyewe, yaani mara 20,000. Kwa wati 5, kinachoruhusiwa ni robo ya miliwati. Katika antena ya omu 50, robo ya miliwati ni volti 0.11. Hicho ndicho kikomo chote tulichonacho kwa kila hamoniki.

Tuseme mbunifu amechora kapasita zote nne zikishuka kwenye njia moja nyembamba ya graundi, na njia hiyo ikasafiri sentimita moja zaidi kabla ya kukutana na graundi ya soketi ya antena. Kazi ya kapasita ya kwanza ni kuzipokea hamoniki kutoka kwa transista na kuzirudisha. Mkondo wa wimbi letu la wati 5 ni ampea 0.32, hamoniki ya tatu ya wimbi la pembe mraba ina theluthi ya ukubwa wa wimbi mama, kwa hiyo tukichukua kielelezo hicho kapasita ya kwanza inashusha kama ampea 0.1 ya megahezi 21. Mkondo huo unapita kwenye ile sentimita moja yenye omu 1.3, na juu yake inazuka volti 0.13. Kapasita ya mwisho ya chujio, ile ya pikofaradi 270, imesimama juu ya graundi hiyohiyo iliyonyanyuka. Kwa megahezi 21 yenyewe ina omu 28 tu, kwa hiyo inaipitisha sehemu kubwa ya volti hizo moja kwa moja hadi kwenye antena: karibu volti 0.115. Kikomo kilikuwa 0.11. Koili zimesokotwa vizuri, kapasita ni sahihi, thamani zimehesabiwa kwa makini, na bado hamoniki imelizunguka chujio lote kwa kupita chini yake. Sentimita moja ya shaba imeimaliza ruhusa yote.

Mfano huu umerahisishwa, na saketi halisi ina njia nyingi zaidi za kuvujia. Lakini urahisishaji haukuipendelea hoja. Nimechukua megahezi 21 peke yake. Ukipanda juu mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu kapasita ya pikofaradi 680 ikiunganishwa na nanohenri 10 hugeuka tabia kwenye megahezi 61 hivi: chini ya hapo ni kapasita, juu ya hapo ni koili. Na huko juu ndiko yaliko masafa ya FM, kuanzia 87.5 hadi 108, na juu yake masafa ya ndege. Wimbi la megahezi 7.03 lina hamoniki ya 13 kwenye 91.39, katikati ya redio ya jirani. Dawa haina gharama. Kila kapasita ya chujio ipewe vitundu vyake yenyewe, viwili au vitatu, vilivyopakwa shaba ndani na kushuka moja kwa moja hadi graundi ya chini, milimita moja au mbili kutoka kwenye pedi. Chujio lipangwe kwa mstari, kichwa kwa transista na mkia kwa antena, lisikunjwe kurudi lilikotoka kwa ajili ya kubana nafasi. Koili zilizo jirani zigeuzwe zisitazamane, kwani pete huzuia sehemu kubwa ya usumaku wake isitoke nje lakini haizuii wote.

Kosa linalofuata kwa ukubwa ni dogo sana kwa macho. Mbunifu ameiacha graundi ya chini nzima, kisha mwishoni anagundua kwamba taa ya kuonyesha transmita imewaka haina njia ya kufikia betri bila kuvuka njia nyingine. Anashusha njia ya taa upande wa chini, anaivusha sentimita mbili na nusu, anaipandisha tena. Taa inawaka. Lakini graundi sasa ina ufa wa sentimita mbili na nusu, na kama ufa huo uko kati ya chipu ya mantiki na transista za mwisho, kila mkondo wa kuendesha geti unalazimika kuuzunguka ukirudi. Ni kama kukata barabara kuu na kuwaachia madereva watafute mchepuko. Ufa wa ukubwa huo huongeza nanohenri 10 hivi, katika sehemu ambayo chipu inajaribu kujaza na kumwaga makumi ya pikofaradi ya kila BS170 ndani ya nanosekunde chache. Kingo hulegea, volti hutikisika, na transista tatu zilizo sambamba, kila moja ikiwa na mzunguko wake wa shaba usiolingana na wa mwenzake, zinaweza kuanza kupiga kelele zenyewe kwa masafa ambayo hakuna aliyeyakusudia. Taa ingeweza kupelekewa umeme kwa kipande cha waya kilicholehemiwa juu, au kwa resista ya omu sifuri inayoruka njia nyingine. Havipendezi sana machoni. Mimi naona bodi yenye kiunganishi cha waya juu na graundi nzima chini ni kazi ya mtu anayejua anachofanya.

Kapasita za kutuliza umeme zina hesabu yake pia. Desturi ni kuweka nanofaradi 100 karibu na kila chipu, na wengi huiweka kwa kutimiza desturi, popote penye nafasi. Kapasita hiyo ikiwa na sentimita moja ya njia kati yake na mguu wa chipu, kwenda na kurudi kwa jumla, inakuwa na nanohenri 10, na hizo mbili kwa pamoja hugeuka kwenye megahezi 5. Kwa transmita ya megahezi 7, basi, kapasita hiyo imeshaacha kuwa kapasita kabla kazi haijaanza. Ukiisogeza hadi jumla ibaki nanohenri 1, mgeuko unapanda hadi karibu megahezi 16. Kifaa ni kilekile, bei ni ileile, na kilichobadilika ni milimita chache.

Pingamizi la pili ni la wakongwe, na lina heshima yake. Doug DeMaw alichapisha katika jarida la QST la Mei 1976 transmita ya transista mbili iliyojengwa ndani ya kopo la samaki wa jodari. Nguvu yake haikufika nusu wati, na kwa miongo kadhaa baadaye watu waliendelea kuijenga na kuongea nayo. Mwaka 1981 Wes Hayward na Roger Hayward walieleza katika jarida hilohilo ujenzi wanaouita wa sura mbaya: vifaa vinalehemiwa hewani juu ya kipande cha bodi kisichochongwa, miguu kwa miguu, bila mchoro wowote wa njia. Kama vitu hivi vilifanya kazi, wanauliza, kuna haja gani ya sura nzima juu ya shaba? Jibu limo ndani ya ujenzi wao wenyewe. Kitazame hicho kipande cha bodi kisichochongwa: ni graundi moja nzima, haina ufa, haina njia ya kushirikiana, na kila kapasita inashuka juu yake kwa mguu mfupi kadiri fundi alivyoweza kukata. Mkondo unarudi kwa njia iliyo bora kuliko zote. Ujenzi huo una sura mbaya juu, na chini yake una ubunifu ambao bodi nyingi zilizochorwa kwa kompyuta hazijaufikia. Balaa ilianza pale watu walipohamia kwenye bodi za kuchongwa, wakaanza kuondoa shaba ili kuacha njia, na shaba iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Wapo wanaosema nguvu yenyewe ni ndogo mno kumdhuru mtu. Wati 5 ni chini ya taa ya chumbani, na hamoniki zake ni sehemu ya sehemu. Hoja hii ingekuwa na uzito kama nguvu ndogo isingefika mbali, lakini mapenzi yote ya kazi hii yamejengwa juu ya ukweli kwamba inafika. Mwaka 2008 Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse, alitoa programu ya WSPR, ambayo hutuma ujumbe mfupi kwa muda wa sekunde 110 hivi katika upana wa hezi 6 tu. Transmita za miliwati 200 husikika kupitia mfumo huo ng'ambo ya bahari. Anga inayoibeba miliwati 200 ya megahezi 7 haiulizi kama miliwati chache za megahezi 14 au 21 zilitumwa kwa makusudi. Hamoniki tatu za kwanza za bendi ya mita 40 huangukia ndani ya bendi nyingine za ridhaa, na baada ya hapo zinaingia katika masafa ya watu wengine kabisa. Mwenye leseni, awe wa 5H nchini Tanzania, 5Z Kenya au 5X Uganda, anawajibika kwa kila kinachotoka kwenye antena yake, na udogo wa nguvu haumwondolei wajibu huo.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka ndani ya hoja yangu. Graundi nzima ya shaba haibebi mkondo peke yake. Inabeba na joto. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kioo na gundi vilivyoiunda bodi. Transista za mwisho zikipata moto, moto huo husambaa kwenye graundi hadi kwenye kristali ya Si5351A, na kristali ikibadilika joto hubadilika masafa. Kwa Morse hilo halina madhara makubwa. Kwa WSPR ni jambo zito: hatua kati ya toni moja na nyingine ni hezi 1.46, na mabadiliko ya sehemu moja tu ya milioni kwenye megahezi 7 ni hezi 7. Mtu anaweza kusema, kwa haki, kwamba hapa ufa katika graundi ungekuwa faida. Nadhani bado ni kosa, na sababu ni kwamba joto na mkondo wa masafa ya juu havisafiri kwa kanuni moja. Joto hupungua kwa umbali, hivyo linatibiwa kwa umbali: kristali ikae ncha moja ya bodi, transista ncha nyingine, na sentimita kadhaa kati yao. Shaba ya juu inayoizunguka kristali inaweza kuondolewa bila hasara, mradi ya chini ibaki. Na graundi pana humwaga joto hewani pia, kwa hiyo transista zenyewe hupoa zaidi. Atakayehitaji utulivu mkubwa zaidi atumie osileta iliyofidiwa joto, ambayo inauzwa ikiwa imekamilika ndani ya kasha dogo. Kuikata graundi ili kuilinda kristali ni kutibu kifaa kimoja kwa kuumiza vyote.

Programu za kuchorea bodi hazitakusaidia kuliona lolote kati ya haya. KiCad, aliyoianza Jean-Pierre Charras nchini Ufaransa mwaka 1992 na ambayo leo inatolewa bure kwa kila mtu, ni chombo bora, na mpenzi wa redio hana sababu ya kununua kingine. Ina ukaguzi unaosema kama njia mbili zimegusana, kama kitundu ni kidogo kupita kiasi, kama muunganiko umesahauliwa. Ukaguzi huo ukikuletea makosa sifuri, maana yake ni kwamba bodi inalingana na mchoro. Mchoro nao, kama tulivyoona mwanzoni, unaamini kwamba graundi zote ni nukta moja. Programu za kuchora njia zenyewe zina upofu huohuo: zinahesabu njia za kwenda, na zitafurahi kuikata graundi vipande kumi ili kufupisha njia ya taa. Bodi za tabaka nne, ambazo bei yake viwandani imeshuka sana, hurahisisha kazi kwa kuwa tabaka zima la ndani linaweza kuachiwa graundi, tena karibu zaidi na njia za juu. Kwa transmita hii si lazima. Tabaka mbili zinatosha kwa mwenye nidhamu ya kuuacha upande wa chini.

Kabla ya kutuma mafaili ya bodi kiwandani, chapisha upande wa juu na upande wa chini kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi. Weka kidole kwenye mguu wa transista, fuata mkondo hadi kapasita ya kwanza ya chujio, kisha urudishe kidole kwenye sosi ya transista ileile kupitia graundi. Fanya hivyo kwa kapasita ya pili, ya tatu, ya nne, kwa kapasita ya kila chipu, na kwa soketi. Kila mahali kidole kitakapolazimika kuzunguka ufa, au kupita njia ambayo mkondo mwingine unaitumia, pana kazi ya kurekebisha. Bodi ikifika na kujengwa, usiunganishe antena. Unganisha mzigo wa omu 50, na usome hamoniki kwa kipimo cha masafa. Vipo vidogo vya bei nafuu kama tinySA, ila usikipelekee wati 5 moja kwa moja, maana kikomo chake ni miliwati 10. Kipunguzi cha desibeli 40 chenye uwezo wa kuhimili wati hizo kitaishusha nguvu hadi nusu miliwati. Kama hamoniki ya pili, ya tatu na zinazofuata zote ziko desibeli 43 au zaidi chini ya wimbi lako, bodi imefaulu na antena inaweza kuunganishwa. Kama moja imezidi, usianze kwa kubadili koili. Anza na graundi ya kapasita za chujio.